Kunde Zimenona, Vinundu Hakuna: Majibu kwa Wakulima

Kila vuli ikikaribia, barua zetu hujaa kunde, choroko na mbaazi. Safari hii nyingi zimegusa jambo moja, nalo ni mbolea ya naitrojeni na vile vinundu vya mizizini. Tumeziweka pamoja. Zile ndefu tumezifupisha, na zilizouliza jambo moja tumezijibu mara moja.

Assalaam alaykum. Nina eka moja ya udongo wa kinongo huku Donge. Masika nilipanda kunde na nikatia mfuko mzima wa urea, nusu wakati wa kupanda na nusu baada ya palizi ya kwanza. Zilinawiri mpaka wapita njia wakawa wanasimama kuzitazama. Lakini maganda yalikuwa ya kuhesabu, na nilipong'oa niliona vinundu viwili vitatu tu, vidogo na vyeupe. Jirani yangu hakutia kitu. Kunde zake fupi, mizizi imejaa vinundu, na amevuna kunizidi. Kosa liko wapi?

Wa alaykum salaam, ndugu yetu. Kosa liko kwenye ule mfuko. Mbegu haina lawama, wala udongo.

Mkunde hauzaliwi na vinundu. Huvijenga, na huvijenga ukiwa na njaa. Mzizi uliokosa naitrojeni hutoa kemikali ziitwazo flavonoidi. Bakteria wa jamii ya raizobia waliomo udongoni huitambua ishara hiyo na kuijibu kwa kemikali yao wenyewe. Hapo unywele wa mzizi hujikunja, bakteria hupenya ndani, na baada ya wiki mbili hivi kinundu huanza kuonekana kwa macho. Humo ndani bakteria huichukua naitrojeni ya hewani, ambayo ni asilimia 78 ya hewa yote, na kuigeuza amonia ambayo mmea unaweza kuitumia.

Kazi hiyo hailipwi kwa bei ndogo. Kupata gramu 1 ya naitrojeni kwa njia ya vinundu humgharimu mkunde kiasi cha gramu 6 za kaboni, yaani sukari iliyotengenezwa na majani. Naitreti, yaani naitrojeni iliyokwisha kuyeyuka kwenye maji ya udongo, ni rahisi zaidi kuifyonza. Kwa hiyo mmea ukiikuta tele hauoni haja ya kufungua kiwanda. Mzizi wenyewe huhisi naitreti na kuzuia vinundu pale pale, na majani nayo hupeleka amri chini kwamba vilivyopo vinatosha. Hata vinundu vilivyokwisha kuanza kazi havisalimiki: hunyimwa sukari, oksijeni inayoingia ndani yake hupungua, na utendaji wake huweza kushuka ndani ya siku chache tu.

Sasa tufanye hesabu. Urea ina asilimia 46 ya naitrojeni, kwa hiyo mfuko wa kilo 50 una kilo 23. Kwa eka moja hizo ni sawa na kilo 57 kwa hekta. Kunde huweza kuvumilia kilo 10 hadi 20 kwa hekta mwanzoni bila vinundu kuathirika sana. Wewe umetia karibu mara tatu ya kikomo cha juu. Na ile nusu ya pili, iliyokuja baada ya palizi, ndiyo iliyoharibu zaidi, kwa sababu iliingia wakati ule ule vinundu vilipokuwa vinajengwa.

Utauliza: kama urea ni chakula, mbona haikuleta maganda? Tazama ratiba. Mkunde huhitaji naitrojeni nyingi kuliko wakati wowote pale maganda yanapojaa. Urea yako iliingia mapema, ikaenda kwenye majani, na iliyobaki ikateremshwa chini na mvua za masika. Maganda yalipoanza kudai, naitrojeni ya udongoni ilikuwa imekwisha na vinundu havikuwapo kushika zamu. Juu ya hayo, majani mengi mno hutiliana kivuli, maua huchelewa, na vidukari hupenda machipukizi laini kama hayo. Kunde za jirani yako zilianza kwa njaa kidogo, zikajenga vinundu, na zilipofika kwenye maganda mtambo ulikuwa unafanya kazi.

Vuli hii usitie urea kabisa. Tia TSP, ambayo ni mbolea ya fosforasi, kilo 25 kwa eka, kwenye mfereji chini ya mbegu, na pawe na udongo wa vidole viwili kati ya mbolea na mbegu. Ukipanda mistari kwa nafasi ya sentimita 60, hiyo ni sawa na kizibo cha soda kilichosawazishwa, gramu 5 hivi, kwa kila mita moja na robo ya mstari. Fosforasi ndiyo ambayo vinundu vinaililia, kwa kuwa kazi ya kuvunja naitrojeni ya hewa inakula nguvu nyingi na nguvu hiyo hubebwa na fosforasi. Wakulima wengi hununua urea kwa sababu matokeo yake yanaonekana kwa macho baada ya wiki moja, na TSP hawaioni ikifanya lolote. Tungependa mzoee kuitazama TSP kwenye mizizi.

Nitajuaje kama vinundu vyangu vinafanya kazi? Ninang'oa kunde, mizizi inatoka mitupu. (Wete)

Mizizi inatoka mitupu kwa sababu unang'oa. Vinundu vimeshikwa na shingo nyembamba, na ukivuta shina vinabaki ardhini. Chimba.

Wakati mzuri ni wiki ya tano au ya sita tangu mbegu kuota, maua ya kwanza yanapoonekana. Kabla ya wiki ya tatu utaona vijidoa tu, na baada ya maganda kukauka vinundu vyote huwa vimekwisha kufa, kwa hiyo usihukumu wakati huo. Chagua miche kumi kutoka pande mbalimbali za konde, usichague ile mizuri tu. Zungushia jembe umbali wa sentimita 15 kutoka kwenye shina, shuka hadi sentimita 20, kisha inua bonge zima la udongo. Litie kwenye ndoo ya maji kwa dakika kumi, udongo udondoke wenyewe. Kama udongo wako ni kinamo mzito, upe nusu saa na uupapase kwa vidole bila kusugua.

Tazama vinundu vilipokaa. Vikiwa vingi kwenye mzizi mkuu na karibu na shingo ya mche, vilianza mapema na ndivyo vyenye faida. Vikiwa vichache na vimetawanyika kwenye mizizi ya pembeni, jambo fulani liliwachelewesha bakteria: naitreti ya mwanzo wa mvua, ukame, au uchache wa bakteria wenyewe.

Kisha vipasue kwa ukucha au wembe. Hapa ndipo penye jibu. Kinundu kinachofanya kazi kina rangi ya waridi au nyekundu ndani, kama nyama mbichi, na maji yake hutia doa kidoleni. Rangi hiyo ni ya leghemoglobini, jamaa wa ile inayofanya damu kuwa nyekundu. Kazi yake ni kuibeba oksijeni kidogo kidogo, bakteria wapate kupumua bila kimeng'enya chao cha kuvunja naitrojeni kuharibika, kwa maana kimeng'enya hicho hakivumilii oksijeni. Kinundu cheupe na kigumu wakati wa maua ni cha bure: bakteria waliomo hawafai au hawajaanza. Cha kijani kimezeeka, au kimezimwa na naitreti au na kivuli. Cha kahawia na chenye utelezi kimekufa, na mara nyingi ni kwa maji kutuama.

Kwa kunde, ukikuta vinundu 10 au zaidi vyenye waridi kwenye mche mmoja mmoja, tulia. Ukubwa wake ni muhimu kuliko idadi. Vinundu vitano vikubwa kama punje ya choroko vina kazi kuliko thelathini vya ukubwa wa ulezi.

Tahadhari moja. Minyoo fundo nayo hutia mafundo kwenye mizizi, hasa pale palipolimwa tungule au bilinganya. Tofauti ni hii: kinundu kimebandikwa ubavuni mwa mzizi na ukikisukuma kwa kidole kinabanduka kizima, lakini fundo la minyoo ni mzizi wenyewe uliovimba, halibanduki, na ndani ni jeupe. Wapo waliotuletea picha za mafundo hayo wakifurahia kwamba kunde zao zimestawi chini.

Kunde zangu zina siku kumi na sita, kwenye udongo wa kichanga. Zote zimepauka. Nitie urea kidogo? (Bambi)

Subiri. Huo ndio upenyu kati ya akiba ya mbegu na vinundu. Mbegu humlisha mche kwa wiki mbili hivi, halafu hifadhi huisha huku vinundu vikiwa bado havijazalisha. Kwenye kichanga chenye mboji kidogo njaa hii huonekana wazi, na mara nyingi huondoka yenyewe ndani ya siku kumi. Njaa hiyo ndiyo inayouamsha mzizi utafute bakteria, na ukiiondoa umeondoa sababu.

Chimba miche mitatu. Vikionekana vinundu vidogo vinaanza, usitie kitu. Kama hakuna hata kimoja na majani ya chini yamekuwa manjano kabisa, tia kidogo: kilo 10 hadi 12 za urea kwa eka, sentimita 10 pembeni mwa mstari, na uifukie. Hizo ni kilo 5 za naitrojeni kwa eka, ambazo mche utazimaliza kabla maua hayajaja. Usiinyunyize juu juu, kwa sababu kwenye udongo wenye unyevu na jua kali sehemu yake huruka hewani kama amonia kabla ya kuufikia mche wowote.

Kwa msimu ujao, anayelima kichanga maskini anaweza kutumia mbolea ya DAP kilo 25 kwa eka wakati wa kupanda badala ya TSP. Ina naitrojeni asilimia 18, kwa hiyo unapata kilo 4.5 pamoja na fosforasi ile ile. Kwenye kinongo au kwenye konde lililolala likaota majani mengi, DAP haina haja. Mvua za kwanza zikipiga udongo uliokauka, vijidudu vya udongo huamka kwa pamoja, huoza mabaki yote kwa kasi na kuachia naitreti nyingi kwa wiki mbili tatu. Hiyo inamtosha mche mchanga, na wakati mwingine humzidi.

Karanga zangu Micheweni, kwenye ardhi ya mawe, zimekuwa manjano. Nilitia urea nikadhani ni naitrojeni, zikazidi. Kwa nini?

Kwa sababu si naitrojeni. Tazama ni majani yepi yaliyopauka. Ukosefu wa naitrojeni huanzia majani ya chini, yaliyozeeka, kwa kuwa mmea huinyang'anya huko na kuipeleka juu. Kama majani machanga ya juu ndiyo ya manjano na mishipa yake imebaki kijani, huo ni ukosefu wa chuma. Ardhi inayokaa juu ya jiwe la matumbawe ina chokaa nyingi, na chokaa hukifunga chuma kisiyeyuke. Karanga ni miongoni mwa mimea inayoumia kwanza kwa hali hiyo.

Na vinundu huumia pamoja nazo. Kile kimeng'enya cha kuvunja naitrojeni na ile leghemoglobini ya waridi vyote hujengwa kwa chuma. Karanga iliyokosa chuma hukosa vinundu vizuri, ikakosa naitrojeni pia, kisha mkulima akaona manjano mawili kwa wakati mmoja akatia urea. Urea nayo ikaua vinundu vichache vilivyokuwapo.

Nyunyiza salfeti ya chuma gramu 5 kwa lita 1 ya maji, yaani gramu 100 kwa bomba la lita 20, na tone la sabuni ili maji yashike kwenye jani. Piga jioni, kwa sababu ukipiga saa saba mchana utayaunguza majani. Rudia baada ya siku 10 hadi 14. Ukiona majani mapya yanatoka kijani umepata jawabu. Kuimwaga salfeti hiyo udongoni kwenye ardhi ya chokaa ni kutupa fedha, itafungwa kama chuma kingine. Na kwa upande wa fosforasi, mbolea ya mawe ya Minjingu pia haiyeyuki vizuri kwenye udongo wa namna hiyo. Huko nunueni TSP.

Nafuga kuku wa nyama Fuoni. Samadi yao ninayo bure. Nimetia magunia thelathini kwenye robo eka ya kunde, kwa kuwa ni ya asili na haina madhara ya mbolea za dukani. Mbona vinundu havionekani?

Mzizi hauulizi naitreti imetoka dukani au bandani.

Samadi ya kuku wa nyama, pamoja na pumba na randa zake, huwa na naitrojeni kiasi cha asilimia 2, wakati mwingine zaidi. Gunia la kilo 30 lina kilo 0.6. Thelathini ni kilo 18 kwenye robo eka. Tuseme nusu yake tu ndiyo itakayoachiwa msimu huu: ni kilo 9, sawa na kutia kilo 20 za urea kwenye robo eka hiyo. Umempita hata ndugu yetu wa Donge.

Samadi ina sifa ambazo urea haina. Ina fosforasi, na huufanya mchanga ushike maji. Ila mahali pake si kunde. Itie kwenye mchicha, mahindi au migomba, kisha kunde zifuate msimu wa pili juu ya mabaki. Zitaikuta fosforasi ingali ipo na naitreti imekwisha kuliwa, hali ambayo vinundu huipenda mno. Ukitaka lazima kuitia kwenye kunde, magunia matatu au manne kwa robo eka yanatosha, yaliyooza wiki sita au zaidi. Samadi ya ng'ombe iliyokauka ina naitrojeni kidogo zaidi na huiachia polepole, kwa hiyo haina ukali huo.

Baada ya kuvuna mpunga Cheju tunapanda choroko kwenye unyevu uliobaki. Mpunga tuliutia urea. Je, mabaki yake yatazuia vinundu?

Kwa kawaida hayazuii. Bonde lililotuama maji kwa miezi hupoteza naitreti yake: bakteria wasio na oksijeni huivuta oksijeni iliyomo kwenye naitreti, na naitrojeni ikarudi hewani kama gesi. Mpunga nao umekwisha kuchukua fungu lake. Choroko hukuta udongo wenye naitrojeni kidogo, jambo linalofaa.

Tatizo la bonde ni jingine. Kinundu hupumua. Udongo uliojaa maji hauna nafasi ya hewa, na vinundu hugeuka kijivu na kunuka hata kama kila kitu kingine kiko sawa. Mvua za vuli zikirudi na bonde likatuama, choroko hupauka ndani ya siku tatu nne na watu hukimbilia urea. Inueni matuta ya sentimita 20 hadi 30, mkachimba mifereji ya kutoa maji kabla ya kupanda. Udongo ukikamuliwa mkononi na ukatoa maji, ni mapema mno. Ukifanya bonge linalovunjika kwa kidole gumba, pandeni.

Bakteria nao hupungua katika udongo uliofurika, ingawa hawafi wote. Choroko na kunde hutumia bakteria wa kundi moja, kwa hiyo debe moja la udongo kutoka konde la juu lililozaa kunde vizuri, likinyunyizwa kwenye mifereji ya mbegu ya kipande kidogo, husaidia kuwarudisha. Usichukue udongo palipo na mafundo ya minyoo.

Kuchuma majani ya kunde kwa mboga kunaathiri vinundu? (Mkoani)

Ndiyo, ukichuma mno. Vinundu hula sukari ya leo, havina ghala kubwa. Ukiyapukuta majani yote, kazi yao hushuka mara moja na vingine huanguka. Chuma machipukizi mawili matatu kwa mche, kila baada ya wiki, na acha kabisa maua yakianza. Anayetaka mboga tu na hana haja na kunde zenyewe, huyo tunamruhusu urea, kwa kuwa majani ndiyo mavuno yake.

Nimeambiwa soya haifanyi vinundu bila chanjo ya bakteria. Je, na kunde nizichanje? Na inatiwaje? (Chake Chake)

Kunde, choroko, mbaazi, karanga na njugu mawe si wachaguzi. Hupatana na raizobia wengi wenyeji wa udongo wetu, na katika konde lililowahi kuzaa jamii hiyo, chanjo mara nyingi haiongezi kitu cha kuonekana. Soya ina bakteria wake maalumu, na aina nyingi za soya zikipandwa mahali pasipowahi kuwa na soya hutoka mizizi mitupu. Zipo aina zilizozalishwa Afrika ambazo si wachaguzi sana, basi muulize anayekuuzia mbegu.

Chanjo ni unga mweusi wenye bakteria hai. Angalia tarehe ya mwisho, na angalia imeandikwa ni ya zao gani. Ya maharage haifai kwa soya. Iweke mahali pa baridi, usiiache dukani juani au kwenye gari.

Asubuhi ya kupanda, tia mbegu kwenye beseni, kivulini. Kwa kila kilo moja nyunyiza vijiko vitatu vinne vya chai vya maji yenye sukari kidogo, ili mbegu zinate tu bila kulowa. Tia chanjo kwa kipimo cha paketi, ambacho aghalabu ni gramu 5 hadi 10 kwa kilo, geuzageuza mpaka kila punje iwe na vumbi jeusi, acha dakika kumi na tano, kisha panda siku hiyo hiyo na ufukie mara moja. Jua la nusu saa linatosha kuwaua wengi. Mbegu isichanganywe na mbolea yoyote kwenye beseni hilo, na kama ilipakwa dawa ya kuvu kiwandani, bakteria watakufa kabla hawajaingia ardhini.

Ukiwa na shaka kama unahitaji chanjo, fanya jaribio. Pima vipande vitatu vya mita 5 kwa 5. Vyote tia TSP gramu 150. Cha kwanza kiache hivyo, cha pili panda mbegu zilizochanjwa, cha tatu tia urea gramu 550, nusu wakati wa kupanda na nusu wiki ya nne. Wiki ya sita tazama rangi na uchimbe mizizi. Cha tatu kikiwa kijani kuliko cha kwanza, bakteria wako wenyeji hawatoshi. Cha pili kikilingana na cha tatu, chanjo inafaa. Vyote vitatu vikiwa sawa na cha kwanza kina vinundu vya waridi, fedha ya chanjo iweke. Vyote vitatu vikiwa sawa na vya kwanza viwili havina vinundu, udongo wako una naitrojeni nyingi tayari, na chanjo yoyote utakayotia humo haitashika.

Nachanganya mahindi na kunde Uzini. Mahindi nataka kuyatia urea. Kunde zitaharibika? Na je, ni kweli kunde huyalisha mahindi yaliyo jirani?

Tia, lakini kwenye shimo. Toboa kwa kijiti sentimita 5 hadi 10 kutoka kwenye shina la mhindi, upande usioelekea kunde, tia kizibo kimoja na ufukie. Kunde ziwe umbali wa sentimita 50 hivi. Mahindi ni mlafi wa naitreti. Huikausha iliyo jirani, na kunde zikabaki na njaa inayozifaa. Kinachozidhuru zaidi katika mchanganyiko huo ni kivuli: kunde zilizopandwa wiki tatu baada ya mahindi hufunikwa, hukosa sukari, na vinundu hulala. Zipande pamoja na mahindi, au wiki moja baadaye.

Kuhusu kulisha jirani: kunde zikiwa hai hutoa kidogo sana. Naitrojeni huachiwa zinapooza. Na hapa wengi hukosea kwa kudhani kila palipopandwa kunde udongo umenenepa. Kunde kavu zina protini kiasi cha asilimia 24, ambayo ni karibu kilo 4 za naitrojeni kwa kila kilo 100. Ukivuna kilo 300 kwa eka umetoa kilo 12. Ukiwa uling'oa mimea mizima ukaipeleka uani kupura, kisha mbuzi wakala majani, huenda udongo umebaki maskini kuliko ulivyokuwa. Na kama ulitia urea na vinundu havikufanya kazi, hasara ni kubwa zaidi, kwa sababu hata hiyo naitrojeni uliyoivuna ilitoka ardhini.

Chuma maganda shambani, kisha kata shina kwa kisu usawa wa ardhi, mizizi ibaki. Majani yatandaze, au yalimie ndani kama mvua zimekaribia. Kwa joto letu na unyevu, majani ya kunde huoza upesi, na sehemu kubwa ya naitrojeni yake hutoka ndani ya wiki chache. Kwenye kichanga usiuache muda huo upite bure: panda muhogo, mahindi au mtama ndani ya wiki mbili, mizizi iwepo kuipokea kabla mvua haijaishusha. Mabaki ukiwapa mbuzi, rudisha samadi yao kwenye konde lile lile, isiende yote kwenye migomba ya nyumbani.